Rula Yako Ilikuwa Ndani ya Gunia la Samaki

Bwera, Alhamisi jioni

Mwanangu Biira,

Kwa mamlaka niliyonayo kama mwenye nyumba, mbele ya kuku wawili na redio isiyo na betri, natangaza rasmi kwamba rula imepatikana. Ni ile ya plastiki, sentimita thelathini, uliyochora jina lako kwa ncha ya bikari. Msako ulioanza mwaka jana umefungwa leo saa tisa alasiri. Rula ilikuwa ndani ya gunia la samaki, chini kabisa, kwenye chumvi. Hakuna aliyekamatwa, kwa sababu mtuhumiwa ndiye anayeandika barua hii.

Utakumbuka kesi ilivyokwenda. Nilikuuliza, "Biira, rula iko wapi?" Ukasema hujui. Nikakuhutubia kuhusu watoto wasiotunza vitu vyao, hotuba ndefu, majirani wote wakaipata bure. Kumbe asubuhi moja niliichukua mwenyewe nikaenda nayo Kahendero, ziwani, kununua samaki wa kuuza. Siku zile askari wa uvuvi walikuwa wanapima urefu wa samaki barabarani, na sikutaka mzigo wangu ushushwe kwa ajili ya samaki waliopungua sentimita mbili. Nikapima, nikaitupa guniani, nikasahau. Niliporudi nyumbani nikaungana na wewe kuitafuta. Nilitafuta kwa bidii kuliko wewe, na kwa kelele zaidi.

Nakuandikia kabla jua halijazama, wakati umekwenda Kisinga kumuaga dada yako Masika. Ukirudi utanikuta nimefunga sanduku na nimekaa kama mtu asiye na neno. Barua utaikuta ukishafika bwenini Kasese, ndani ya daftari la Fizikia, kwenye kurasa za umeme, mahali ambapo najua utafungua kwa sababu huna ujanja. Ningeandika kwa Lukonzo, lugha yetu ya nyumbani, ungecheka ninavyoandika. Kiingereza changu ungekisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kiswahili ndicho nilichofundishwa kuandika nikiwa mtoto kule Butembo, na katika Kiswahili wewe ndiye utakayehangaika kidogo. Nahitaji hiyo nafuu ndogo, kwa sababu ninayotaka kusema hayanipendezi.

Mambo ya sabuni, chandarua, na msichana gani ukae naye na yupi umkimbie, nayaruka. Umeishi nami miaka kumi na minane. Kama hujayajua, karatasi haitakusaidia.

Turudi kwenye rula. Nimeipata kwa sababu nilikuwa natafuta kitu cha kunyooshea mistari. Nilikuwa nakuchorea ratiba ya kujisomea.

Najua. Usikunje barua. Soma kwanza.

Unaijua ile ya mwaka jana, ile niliyoichora nyuma ya kalenda kuukuu, kwa ajili ya likizo ya mwisho na zile wiki ambazo shule iliwaachia mjisomee nyumbani. Ilikuwa nzuri, hilo usinibishie. Wageni waliisifu kabla hawajakaa. Hesabu nyekundu, Fizikia bluu, Kemia kijani, Baiolojia njano. Saa nilizigawa kama ninavyogawa nyama ya sikukuu, kila somo kipande sawa, asilalamike mtu. Baiolojia, ambayo ungeweza kuisema ukiwa unamenya ndizi, ikapata saa zilezile na Hesabu iliyokuwa inakutoa machozi. Kisha nikatafuta siku ambazo nyumba inakuwa tulivu. Nikaona ni Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe, pale mpakani, kwa sababu siku hizo mimi na mdomo wangu hatupo. Hesabu zote nikazipanga Jumanne na Ijumaa. Nilijipongeza kwa akili hiyo.

Na kweli nyumba ilikuwa tulivu. Hata wewe hukuwemo.

Ulikuwa Mpondwe, umeshika mzani. Ratiba ilikuwa ukutani inasema Hesabu, saa nne hadi saa saba, na mimi nilikuwa mlangoni nasema, "Biira, twende mara moja tu, leo Wakongomani watavuka wengi." Ile mara moja tu ilikuwa kila Jumanne na kila Ijumaa, hadi wiki ya mtihani. Hukubisha. Ulibeba beseni. Siku moja ulichukua daftari ukaliweka chini ya meza ya samaki, nikakwambia ulitoe lisiloe.

Matokeo yalipokuja, Baiolojia ilisimama wima, Kemia ikawa inachechemea, Hesabu na Fizikia zikawa zimelala chini kabisa. Bila hizo, mlango wa chuo cha maabara haufunguki, na wewe tangu ukiwa na miaka tisa hujataka mlango mwingine. Nakumbuka siku ile. Nilikuwa hospitali Kisinga, natetemeka kwa malaria, na yule dada wa maabara akakuruhusu uchungulie damu yangu kwenye hadubini. Ulirudi kitandani kwangu unang'aa. "Mama, nimewaona! Wako ndani yako wengi!" Sijawahi kuona mtu aliyefurahia malaria yangu kiasi kile.

Sasa sikiliza nilichofanya na matokeo yale. Jumanne iliyofuata, pale sokoni, Mama Thembo wa meza ya jirani aliniuliza kuhusu mtihani wako. Nikamjibu, wanawake wote wakisikia, "Huyu wangu hesabu haziingii. Amechukua kichwa cha baba yake." Wakacheka, nami nikacheka. Ulikuwa nyuma yangu na beseni. Uliliweka chini polepole, kama mtu anayeweka mayai, ukaanza kupanga samaki kwa ukubwa. Sikugeuka. Nilijua umesikia kwa sababu hujawahi kupanga samaki vizuri vile.

Ile haikuwa mara yangu ya kwanza kusingizia kitu kingine. Nina uzoefu.

Kisa cha saa ya Kongo unakijua, nimewasimulia tangu mkiwa wadogo, na kila mara mnacheka mahali palepale. Nilikuwa na umri wako. Nilikaa Kasindi, ng'ambo ya mto, kwa shangazi yangu Kavira, na kila asubuhi nilivuka daraja kuja shule huku Bwera. Nawe unajua, kama anavyojua kila mtu wa mpaka huu, kwamba Kasindi wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtu anavuka hatua chache tu na anazeeka saa nzima. Lakini mimi sikuwa na saa, kwa hiyo jambo hilo halikunihusu. Niliamshwa na wabeba mizigo wakipita dirishani kuelekea mpakani. Wakipita, naamka. Miaka minne sikuchelewa hata siku moja.

Asubuhi ya mtihani wa Hesabu, shangazi akaniletea saa ya mkononi ya mume wake. "Mutoto wangu, leo haiko siku ya kubahatisha," akasema. "Vaa hii montre." Ilikuwa na mkanda wa chuma, ikanizunguka mkono kama bangili ya bibi harusi. Wabeba mizigo walipita. Nikatazama saa, nikaona bado mapema mno. Nikawaonea huruma, watu wazima wanaamka kabla ya wakati. Nikakaa kitandani nikarudia kanuni zangu saa nzima. Kisha nikavuka daraja taratibu. Njiani sikumwona mwanafunzi hata mmoja, nikajisifu kwamba leo nimewatangulia wote.

Askari wa getini akanisimamisha. "Wewe binti, unakwenda wapi?"

"Mtihani wa Hesabu, afande. Nimewahi."

"Umewahi upi? Wa kesho?"

Nilifika robo saa kabla ya mtihani, na nilikuwa nimechelewa dakika arobaini na tano. Msimamizi akatoka. Nilimnyoshea mkono aone saa. Akaitazama, akanitazama, akasema kwa sauti ya upole ambayo mpaka leo naona afadhali angenitukana, "Nyabo, dada yangu, hii ni saa ya Kongo. Nusu saa ikishapita, haingii mtu."

Niliporudi kwa shangazi nikapiga kelele. "Shangazi, hukuisogeza mbele?"

"Miye? Nilizania utaisogeza wewe. Si ni wewe unasomaka hesabu?"

Hapo ndipo mnapochekaga. Nami kwa miaka yote nimekiachia kisa hapo, kwa sababu kinaishia vizuri, na lawama zote zinabaki kwenye saa ya mume wa shangazi.

Kuna sehemu sijawahi kuisimulia. Pale getini, nikiwa nalia kwa sauti, ndani yangu kulikuwa na kitu kingine, nikakificha chini ya machozi. Kilikuwa nafuu. Nilishukuru kwamba sitaingia. Miezi ile yote nilikuwa nimejisomea yale niliyoyajua. Nilipenda kutatua milinganyo mifupi, kwa hiyo nilitatua milinganyo mifupi, kurasa kwa kurasa, zote sahihi, napiga alama za vema kwa kalamu nyekundu na kujiona msomi. Maswali ya duara sikuyagusa. Vekta nilizifungulia kurasa, nikazifunga, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenyewe wanaoga. Hata kama ningeingia ule mtihani, ungenishinda. Saa ya Kongo iliniokoa nisijue hivyo mbele za watu. Na kwa kuwa nilikuwa na kisa kizuri cha kusimulia, mwaka uliofuata sikurudia. Mtu mwenye kisingizio kizuri hahitaji cheti. Nikaanza kuuza samaki.

Sijutii samaki. Wametulisha, na wamenifundisha mengi ambayo sikuyapata darasani. Lakini nataka ujue kwamba mtu aliyekuchorea ratiba mwaka jana, kwa rangi nne, ni mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye chumba cha ule mtihani.

Ndiyo maana mwezi wa pili uliponiambia, "Mama, nataka kurudia mwaka wa mtihani, Sinia ya Nne, Kasese, nikae bwenini," nilikasirika haraka vile. Nikakuuliza, "Kwani hapa nyumbani pana nini?"

Ukajibu bila kuinua macho, "Hapa pana samaki."

Nilifikiri unadharau kazi yangu. Sikuzungumza nawe siku mbili. Baba yako alishuka kutoka kwenye shamba lake la kahawa Bwesumbu, nikamsimulia kesi nzima na mashahidi, akamaliza chai, akasema, "Aende." Akapanda tena mlima. Yule mtu ametumia maneno machache maishani, na karibu yote yalikuwa sahihi, jambo linalochosha sana kwa mke.

Muhula wa kwanza ukabaki nasi, tukisubiri nafasi. Na jioni moja nikakuona umefungua karatasi ya majaribio, unatazama swali moja kama mtu anayetazama nyoka aliyeingia jikoni. Nikachungulia. Samaki wakikaushwa wanapoteza asilimia sitini ya uzito wao. Mfanyabiashara anataka kilo thelathini za samaki wakavu. Anunue wabichi kilo ngapi?

"Sabini na tano," nikasema.

Ukageuka. Wewe ulikuwa umeandika arobaini na nane. Ulichukua asilimia sitini ya thelathini ukaiongeza juu.

"Mama, umejuaje?"

"Nenda Kahendero ukanunue arobaini na nane, uone utarudi na nini. Kilo kumi na tisa na nauli ya bure."

"Haya, andika hatua."

"Hatua gani? Jibu ndilo hilo."

"Mama, swali lina maksi nne. Jibu ni maksi moja. Tatu ziko kwenye hatua."

Nikachukua penseli. Nikakaa nayo. Nilikuwa na jibu mkononi na sikuwa na njia ya kulifikia, na wewe ulikuwa na njia ndefu iliyokufikisha pabaya. Tulikaa pale mpaka ugali ukaungua. Wewe ndiye uliyeona kwanza: kilichobaki ni asilimia arobaini, hiyo arobaini ndiyo kilo thelathini, basi mia ni ngapi? Ukaandika mistari mitatu. Nikaitazama ile mistari mitatu, nikaona biashara yangu yote ya miaka ishirini imelala pale, imevaa sare ya shule.

Sasa naja kwenye kosa la leo, ambalo lina saa mbili tu, bado la moto.

Rula ilipopatikana niliifuta kwa kanga, nikachora ratiba mpya. Bora kuliko ya kwanza. Safari hii Hesabu niliipa siku tano. Nikafungua sanduku lako niitie juu, uikute ukifika. Na kwa kuwa sanduku lilikuwa wazi, na mimi ni mimi, nikafungua lile daftari jembamba la jalada jeusi. Sitasema lilifunguka lenyewe. Nililifungua, nikaketi, nikasoma.

Ukurasa wa kwanza umeandika vitu vinavyokushinda. Kumi na kimoja. Kiingereza chako nimekisoma polepole, lakini nimekielewa. Moli. Duara. Vekta. Lenzi. Umeme unaogawanyika njia mbili. Mbele ya kila kimoja kuna tarehe uliyokijaribu, kisha tarehe nyingine siku tatu baadaye, kisha nyingine baada ya wiki. Kilichokubali mara tatu umekikata kwa mstari. Moli umeikata, ukairudisha, ukaikata, ukairudisha. Hiyo nayo naona ina ukaidi wa kwetu. Pembeni umeandika swali ulilokosa na kwa nini ulilikosa. "Sikusoma swali." "Nilisahau kipimo." "Niliogopa." Hiyo ya tatu niliisoma mara kadhaa. Sijawahi kuona mtu akiandika hofu katika orodha ya makosa, mstari mmoja na kusahau kipimo, kama kitu kinachoweza kurekebishwa Alhamisi.

Baiolojia umeipa nusu saa kwa wiki. Haikulalamika.

Jumamosi umeandika neno moja tu: viporo. Nikafikiri ni habari ya chakula. Kisha nikaelewa kwamba ni siku ya kumalizia vilivyobaki wiki nzima. Ratiba yangu haikuwa na siku ya viporo, kwa sababu katika ratiba yangu hakuna aliyeugua, hakuna mvua iliyonyesha, na hakuna mama aliyesimama mlangoni.

Mbele ya asilimia ya kurudi nyuma umeandika: "Kumbuka samaki wa Mama." Imekubali mara tatu. Umeikata.

Na Jumanne umeandika, "Soko." Ijumaa, "Soko." Basi. Hukuweka alama ya mshangao, hukunung'unika. Hesabu umeihamishia alfajiri, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Kumbe ile mikwaruzo niliyosikia jikoni kabla ya adhana ya kwanza, nikadhani ni panya, ilikuwa vekta.

Nilikaa na daftari lile mpaka kuku mmoja akaingia ndani kuangalia kama nimekufa. Ratiba yangu mwaka jana ilipanga siku za mtoto ambaye hakuwepo. Wewe ulipanga zako ukiwa umenihesabu na mimi ndani yake, kama unavyohesabu mvua.

Kwa hiyo sitakuambia jinsi ya kujisomea. Unajua. Nitakuambia tu kitu kimoja kutoka kwa mtu aliyesimama nje ya geti. Yale mambo kumi na moja ukiyafungua Kasese, tumbo litakuambia uanze na Baiolojia, upashe moto kidogo. Tumbo hilo nalijua, ni la kwangu, nimekuachia. Lisikilize kwa makini, likikuambia kimbia, ujue hapo ndipo maksi zilipo. Na ukifanya karatasi ya majaribio, weka saa mezani, ya huko huko shuleni, na muda ukiisha weka kalamu chini hata kama jibu liko njiani. Afadhali lichelewe sasa kuliko siku ya mtihani.

Upande wangu nimefanya mambo mawili, nakuarifu ili usishangae.

La kwanza, Jumanne hii nilisimama pale kwenye meza za samaki. Wewe nilikuacha nyumbani, nikakuambia mzigo ni mdogo. Ulikuwa uongo. Nikasema kwa sauti, "Jamani, lile neno nililosema kuhusu Biira na hesabu, nalirudisha. Mtoto hana kosa. Siku za hesabu alikuwa hapa, ameshika mzani. Mimi ndiye niliyemleta."

Mama Thembo akaniangalia juu mpaka chini. "Mama Masika, umekunywa dawa gani leo?"

"Sijanywa kitu."

"Basi kunywa."

Wakaangua kicheko. Mama mmoja aliyevuka kutoka upande wa Beni alikuwa amesimama na kikapu, akanyanyua kidole kama mwanafunzi. "Mama, mambo ya mutoto iko muzuri, tumesikia. Lakini huyu samaki iko bei gani?"

Nikamuuzia. Unachotubia sokoni hakisimamishi soko. Lakini tulipokuwa tunafunga, Mama Thembo akasogea na kamba zake, bila kunitazama. "Hata wangu anashikaga mzani Ijumaa," akasema. "Naye mtihani ni mwaka kesho." Nikamwambia, "Najua." Tulifunga mizigo yetu.

La pili, zile wiki za kujisomea kabla ya mtihani hutarudi nyumbani. Nimeongea na mwalimu wa bweni kwa simu, amesema wanaotaka kubaki wanabaki. Wewe utabaki. Ukinipigia ukisema umetukumbuka, nitakuambia nasi tumekukumbuka, na nitakata simu. Nitakuja Jumapili na chakula, nitakaa saa moja, nitaondoka. Ukiniona getini siku nyingine yoyote, hasa Jumanne au Ijumaa, mwambie askari asinifungulie. Nimeshafungiwa geti na nikaishi.

Mwalimu akikupa matokeo ya majaribio, usinitajie alama. Nitajie uliyoyakosa. Alama nitazigeuza kuwa kisa cha kusimulia sokoni, hiyo ndiyo tabia yangu. Makosa siwezi kuyafanya chochote isipokuwa kuyasikiliza.

Hatuna mpango mwingine, Biira. Nimeutafuta, kama nilivyotafuta rula, na safari hii nilitafuta kwa ukweli. Hakuna. Mtihani ni huu, mwaka ni huu, na utaingia chumba kile ukiwa na vitu kumi na kimoja vilivyokubali mara tatu, au kumi, na kimoja unachokifahamu kwa jina. Shangazi Kavira, kama angekuwepo, angekuazima saa. Mimi nimekunyima hicho kisingizio.

Mandazi uliyokula njiani yalikuwa yamefungwa kwenye ratiba yangu mpya. Kama ulijiuliza ile rangi nyekundu ni ya nini, ilikuwa Hesabu.

Rula iko chini ya barua hii. Nimeiosha kwa sabuni mara tatu. Bado inanuka samaki.

Mama